Kiyoyozi na Friji ya Chanjo

Siku moja ya mgawo wa umeme nilimpeleka mwanangu kuchanjwa kwenye kituo cha afya kimoja huko Temeke. Jenereta ilinguruma uani, lakini ilikuwa ndogo, haikuweza kubeba friji ya chanjo na kiyoyozi cha ofisi ya mganga mfawidhi kwa pamoja. Tangu asubuhi ilikuwa imebeba kiyoyozi, kwa sababu mganga alikuwa na mgeni mkubwa.

Muuguzi alifungua friji kidogo, akasoma kipimajoto, akaifunga haraka. Akaingia ofisini bila kubisha hodi, akazima kiyoyozi. Kwenye benchi sisi wazazi tuliyaona yote kupitia mlango alioacha wazi.

"Sista, umechanganyikiwa?" mganga alifoka.

"Shikamoo mzee," muuguzi alimwamkia mgeni kwanza, kisha akamgeukia bosi wake. "Daktari, chumba hiki kimeshapoa, kitakaa nusu saa bila kupata joto. Chanjo hazina nusu saa. Friji ikishika baridi nitawawashia tena."

"Nitakuandikia barua!"

"Niandikie. Utanikuta kwenye friji."

Akatoka, akachomeka waya wa friji. Akasimama hapo, macho yakiwa kwenye mlango wa ofisi.

Nusu saa ilipotimia alirudi kuwasha kiyoyozi, kama alivyoahidi. Mgeni alikuwa amevua koti na kufungua dirisha mwenyewe.

"Acha tu, sista," alisema. "Kachanje watoto."

Barua sijui kama iliandikwa. Ninachojua ni kwamba siku hizi viyoyozi vimejaa madukani. Tunachopungukiwa ni watu wa kuvizima.