Kushusha Kipanya kwa Sentimita Sita

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, mama mkwe wangu aliweka mguu wa kulia kwenye kipandio cha gari langu, akauondoa, akasema haendi tena kanisani. Dakika hiyo naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika usukani huku nikitazama saa. Misa ya kwanza ilianza saa moja kamili na kanisa lilikuwa mwendo wa robo saa.

"Mama, jaribu tena," mke wangu alimwambia. "Nitakushika kiunoni."

"Unishike wewe? Wewe mwenyewe upepo unakupeleka."

Jirani yetu, muuza mkaa mwenye mabega mapana, alichungulia juu ya ua. "Mama, nije nikunyanyue? Mara moja tu, umeshaingia."

"Mimi si gunia la viazi," alimjibu.

Akageuka na fimbo yake. Alipofika mlangoni akasema, bila kunitazama lakini kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mumeo nashukuru. Jumapili ya Matawi nitasali kwetu. Lori la kabeji likishuka, litapanda na mimi."

Kwao ni Mgeta, na kwetu pia si mbali na hapo. Alikuwa ameteleza wakati wa mvua akitoka shamba la njegere, goti likavimba na halikurudi tena kama zamani. Tulimshusha mjini Morogoro akae nasi. Miezi minne katekista alimletea Komunyo nyumbani, na Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kujaribu kutoka. Kule mlimani kanisa liko hatua chache kutoka mlangoni kwake, hahitaji gari. Lakini maji yako chini bondeni, kuni ziko juu, na nyumbani hayupo mtu. Mke wangu alijua mama yake akirudi kule atakaa peke yake na goti moja, na siku atakayoanguka sisi tutapata habari baada ya siku tatu. Siku ile mke wangu hakunywa hata chai.

Mimi sikuweza kumnyanyua. Kwetu mkwe haguswi. Asubuhi namwamkia nikiwa nimesimama nje ya mlango, macho chini, "Shikamoo mama," naye hujibu "Marahaba, baba" akitazama ukuta. Siingii chumbani kwake, hatuli pamoja, na tukikutana kwenye njia nyembamba mmoja wetu huchepuka. Hakuna ugomvi wowote. Ndivyo tunavyopendana. Kigoda tulishakijaribu: juu ya changarawe ya uwanja wetu kilitikisika, akakikataa kabla hajakikanyaga.

Gari lenyewe lilikuwa kipanya, basi dogo lililokwisha kutumika miaka mingi Japani. Nilikinunua kwa kiinua mgongo, kiwanda nilichokuwa mtunza stoo wake kilipouzwa. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, na magari yaliyochoka kwao yakaja kuanza maisha mapya kwetu. Nilibeba mchele kutoka Dakawa na kuusambaza kwenye maduka ya mjini. Ndani ya gari nilikuta kitabu kinene cha Kijapani cha ufundi wake. Maandishi sikuyajua, lakini namba ni namba na mchoro ni mchoro. Kwa miaka miwili nilikuwa nimekipitia ukurasa kwa ukurasa, nikiandika kwenye daftari langu kila mchoro unahusu nini.

Jumatatu nilichukua futi kamba nikapima. Kutoka ardhini hadi kipandio, sentimita arobaini na mbili. Kutoka kipandio hadi sakafu ya gari, kumi na nane. Kilichobaki ni kujua goti la mkwe linaweza kiasi gani, na hilo sikuwa na ruhusa ya kuuliza. Mke wangu akaniuliza nataka kujua nini hasa, nikamweleza. Kizingiti cha jiko letu kilikuwa na sentimita kumi na nane, na mama yake alikivuka kila siku bila msaada. Usiku ule mke wangu aliweka ubao wa sentimita tatu juu ya kizingiti na kuufunika kwa mkeka. Asubuhi mama yake alifika pale, akasimama, akaita: "Nani kaongeza mlima hapa?"

Jibu nikawa nimelipata. Kumi na nane anaweza, ishirini na moja hawezi. Ningeongeza kipandio kimoja cha kukunja katikati ya ardhi na kile cha zamani, angepanda ishirini na moja mara mbili, na hiyo haikufaa. Ngazi ya kukunja yenye vipandio viwili ingening'inia na kupinda kwa uzito wa mtu. Lakini gari zima likishuka sentimita sita, arobaini na mbili zinakuwa thelathini na sita, na nusu ya thelathini na sita ni kumi na nane. Hatua tatu, zote sawa na kizingiti cha jiko.

Gereji niliyoizoea ilikuwa uwanja wa wazi nyuma ya Msamvu. Fundi mkuu, kijana wa miaka kama thelathini, alikuja akifuta mikono kwenye ovaroli.

"Shikamoo mzee. Springi zimechoka? Tuongeze pleti?"

"Marahaba. Nataka kulishusha."

"Kulipandisha."

"Kulishusha. Sentimita sita, mbele na nyuma."

Akawageukia wenzake. "Jamani, njooni! Mzee wa mchele anataka gari ilale!"

"Mzee unaoa?" iliuliza sauti chini ya lori. Nilikuwa naona miguu tu.

"Wanaolaza gari ni vijana wa Dar," fundi akasema. "Wanashusha, halafu wanafunga na spika kubwa. Wewe utafunga nini, magunia?"

"Nitapakia mkwe," nikasema.

Kicheko kikakatika. Ile miguu chini ya lori ikatoka na mwenyewe akakaa kitako. Nikawaeleza habari ya goti, ya kizingiti na ya Jumapili ya Matawi. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama mkwe wangu yuko Matombo," akasema. "Nikisikia kikohozi chake tu, nabadilisha njia. Lete gari."

Mbele ilikuwa rahisi. Springi za mbele za kipanya kile ni vyuma viwili virefu vinavyojisokota chini ya sakafu. Ukilegeza bolti moja kila upande, pua inashuka. Ilitugharimu grisi na jasho. Nyuma tulitafuta kwenye skrepa kipande cha chuma kinene cha chesisi ya lori, tukakata vipande viwili na kuviweka kati ya ekseli na springi, ambazo kwenye gari lile hupita chini ya ekseli. Yubolti za zamani, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikawa fupi, kwa hiyo mwenye mashine ya kukereza vyuma akatutengenezea nne ndefu. Fundi alitaka vipande vya mti, kwamba mninga haupasuki. Nilimwambia mninga ni wa vitanda. Akacheka, akakata chuma.

Jambo moja nililazimika kulisema nyumbani mapema. Gari lililoshushwa halibebi kama zamani. Magunia kumi yangeigongesha ekseli kwenye bodi kila shimo.

"Utabeba mangapi?" mke wangu akauliza.

"Sita."

Akafikiri huku akichambua mchele. "Basi utakwenda mara mbili," akasema, na hatukulizungumza tena.

Wiki ya tatu nilikwenda kulijaribu kwenye barabara ya Dakawa, gari tupu, mwendo wa kilometa arobaini kwa saa. Nilikanyaga breki mahali palipokuwa peupe. Magurudumu ya nyuma yalijifunga, mkia ukazunguka, na niliposimama nilikuwa kwenye majani nikitazama nilikotoka. Mtu wa baiskeli aliyepakia magunia ya mkaa alipita taratibu.

"Mzee, kama ni Dodoma, ni huko nyuma yako," akasema, akaendelea kupiga pedali.

Nilirudi nyumbani polepole nikafungua kitabu. Katika mchoro wa ekseli ya nyuma kulikuwa na fimbo nyembamba iliyounganishwa na kidude cha breki. Kila bodi inaposhuka kwa mzigo, fimbo inasukumwa, na kidude kinaruhusu breki za nyuma kushika zaidi. Sisi tulikuwa tumeishusha bodi bila mzigo. Kidude kilidhani nimejaza mchele.

"Hicho tunakitoa kwenye magari yote," fundi akasema nilipomwonyesha.

"Hili lina mkwe ndani."

Hakubisha. Tulihamisha kishikio cha fimbo kwa sentimita zilezile sita, tukabadilisha mafuta ya breki, na nilipojaribu tena gari lilisimama limenyooka. Kazi hiyo ilikula siku mbili.

Kipandio cha kukunja nilikitengeneza mwenyewe kwa vyuma vya kitanda kilichovunjika na bawaba mbili za geti. Mkono wa kushikia ulikuwa bomba la maji nililolifunga mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, usiteleze wala usiwe baridi asubuhi. Kiti cha kwanza karibu na mlango nilikisogeza kidogo katikati, goti lipate nafasi ya kunyooka, nikakiongezea sponji. Vijana wa gereji walipuliza mstari mwekundu ubavuni kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Niliwaambia sina fedha ya mapambo. "Hii si yako mzee, ni ya mkwe," wakasema. Fundi naye akafunga kioo kipya cha kutazamia nyuma, kipana kama sinia, alichokitoa kwenye gari jingine lililogongwa. Nilishukuru. Kilionyesha ndani ya gari lote, kona hadi kona.

Hapo ilikuwa imebaki Jumapili moja kabla ya Matawi. Dereva wa lori la kabeji alikuwa amekwisha kukubali kumchukua mkwe wangu na kitanda chake Jumatano.

Jumapili hiyo nilikaa kwenye usukani nikitazama mbele, kama ipasavyo. Mke wangu alikunja kipandio chini. Nikasikia fimbo ikigusa changarawe, kisha chuma kikilia kidogo. Moja. Akavuta pumzi. Mbili. Kisha nikasikia mpira wa bomba ukiminywa. Tatu. Kiti kikalia kwa uzito wake. Hakuna aliyekuwa amemgusa.

Nilitia gia ya kurudi nyuma na kuinua macho kwenye kioo. Macho ya mkwe wangu yalikuwa pale katikati, yakinitazama.

Sikuwa nimemtazama machoni tangu siku ya mahari. Yeye alivuta khanga akafunika uso, mimi nikatazama kiatu changu.

"Nishushe," alimwambia binti yake.

"Mama! Umepanda mwenyewe!"

"Nimepanda. Lakini sikupanda ili nikae uso kwa uso na mkwe wangu mpaka kanisani."

Nilikuwa nimepima kila kitu. Nilikumbuka mikono isimguse, nikakumbuka tusikae kiti kimoja. Kiti chake nilikiweka mimi mwenyewe, kwa futi kamba, katikati kabisa ya kioo kile. Nilichukua bisibisi kwenye kisanduku cha dashibodi. Skrubu zilikuwa nne. Nilipomaliza nilipitisha kioo nyuma juu ya bega bila kugeuka, mke wangu akakipokea.

"Nikiweke wapi?"

"Kikalie."

Nyuma yangu khanga ikashushwa. Nilijua kwa sauti ya pumzi. Nilitoa kichwa dirishani, na muuza mkaa, aliyekuwa ameangalia yote kutoka juu ya ua, akaja barabarani kuniongoza kwa mikono miwili: "Rudi, rudi, kata kulia, rudi, hapo hapo!" Tukaondoka kwa vioo vya pembeni.

Njiani nilimsikia akimuuliza binti yake nani kachora mstari mwekundu.

"Vijana wa gereji."

"Ndiyo maana watu wote wanatutazama," akasema. Hakuwa na sauti ya mtu aliyeudhika.

Kanisani alishuka kwa hatua zake tatu na kuingia upande wa kina mama kabla ya wimbo wa kwanza. Niliegesha, nikaingia kwa kuchelewa, nikasimama karibu na mlango. Wakati wa kurudi alimuuliza binti yake kama gari hili hufika Dakawa, kwa sababu mdogo wake ameolewa huko na hawajaonana tangu goti lilipoumia. Mke wangu alisema hufika kila wiki. "Basi," akasema, kisha akaongeza: "Nikae juu ya magunia?" Walicheka wote wawili. Mimi niliendesha.

Jumatano lori lilipiga honi kwenye kona yetu. Mke wangu alikuwa bado anafunga khanga atoke kwenda kumweleza dereva, mama yake akaita kutoka chumbani: "Mwambie nimepata usafiri!"

Dereva alinung'unika kwamba alimwachia nafasi ya kitanda, akawaacha watu wawili wenye madumu matupu wapande hapo, akaondoka.

Jioni nilifunga hesabu kwenye daftari. Chuma, yubolti, kukereza, mafuta ya breki, sponji, bawaba na ufundi vilikuwa shilingi elfu arobaini na moja na mia tatu. Magunia manne yaliyopungua kila safari sikuyaingiza, kwa kuwa nilikwisha kuanza kwenda mara mbili. Upande wa pili wa ukurasa niliandika nilichookoa, nauli ya lori la kumrudisha mkwe wangu Mgeta pamoja na kitanda chake: shilingi elfu tisa.