Darubini na Vinyago Ishirini

Shangazi yangu ni mbishi jamani, na nasema hivi nikiwa nampenda. Miaka thelathini ameshona kwenye karakana moja, cherehani ya kwanza karibu na dirisha, na wote pale, kuanzia bosi hadi mpiga pasi, wanamwita Darubini. Jina alilipata zamani, aliposimama mlangoni akamwambia mteja aliyekuwa ng'ambo ya barabara kwamba pindo la suruali yake limepanda upande mmoja. Mteja akarudi, likapimwa, kweli limepanda. Tangu hapo, kazi yake haikaguliwi na mtu.

Mimi nakaa cherehani ya pili, kwa hiyo nilijua kabla ya wengine. Kila asubuhi ananiletea sindano kumi, ananong'ona: "Nitungie uzi, mwanangu, tuokoe muda." Muda gani? Nilishamwona akipapasa kitambaa kwa kidole gumba kutafuta upande wa nje. Siku moja nikamwambia bila kuzunguka, "Shangazi, huoni. Twende hospitali." Akanikata jicho, likatua ukutani pembeni yangu.

"Usinitie mkosi," akasema. "Bosi akisikia hilo, kesho niko nyumbani nahesabu vigae."

Hapo hakukosea. Fundi wa cherehani ya nne alianza kutetemeka mikono, akarudishwa nyumbani mchana uleule, mkasi wake ukabaki mezani wiki nzima. Basi nikafunga mdomo. Nikawa mtu wa roho juu, namtunza mtu mzima aliyeamua kufa na tai shingoni.

Ndipo mwalimu wa shule ya watoto akaleta kazi: majoho mekundu ishirini na vinyago vyeusi ishirini vya kufunika macho, kwa mchezo wa mashujaa wanaopaa angani.

"Shujaa gani anajificha uso?" shangazi akacheka.

"Ndio wa siku hizi, mama," mwalimu akajibu. "Mchana ni mtu tu, anajikwaa, anamwogopa bosi wake. Akivaa kinyago, anaogopwa yeye."

Shangazi akaacha kucheka, akaanza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Majoho tuligawana. Moja alilishona ndani nje, nikalifumua kimyakimya wakati wa chakula. Akanikuta nalo. Lo! Alivyonuna! "Vinyago usiguse hata kimoja," akaniambia, "nashona mimi, napanga mimi." Akashona siku tatu, akavitia kwenye mfuko, akaufunga mafundo mawili. Nami, mjinga wa kutupwa, nikaogopa kumuudhi tena.

Asubuhi ya kujaribisha, mwalimu akaja na watoto sita. Bosi naye akatoka ofisini, mikono nyuma. Mfuko ukafunguliwa mezani, chini ya dirisha, na mimi nikaona mara moja. Kinyago cha aina ile unakata matundu ya macho kwenye kitambaa cha nje, unashonea bitana, kile kitambaa cha ndani, halafu unakata na bitana kufuata matundu. Shangazi alikuwa amekata cha nje tu. Bitana nyeusi nyuma ya kitambaa cheusi. Kwa mbali matundu yapo, lakini nyuma yake pamezibwa.

Nikanyakua mkasi. Nikakata kimoja. Cha pili. Nikamwambia mwalimu, "Tusubiri kidogo, nyuzi zimebaki." Lakini mtoto mmoja wa kike alishakivaa chake. Akapiga hatua mbili, akagonga meza, akashika gauni la shangazi.

"Bibi, sioni."

Bosi akamvua, akakiinua kinyago kwenye mwanga, akakigeuza, akamrudishia. "Nani kashona hiki?"

"Mimi," nikasema, haraka kuliko nilivyotaka.

Nilimwomba Mungu shangazi anyamaze. Alikuwa ameshika ukingo wa cherehani yake kwa mikono miwili.

"Muongo huyo," akasema. "Nimeshona mimi, vyote ishirini." Kisha akainama kuelekea pale ilipotoka sauti ya mtoto, ambaye alikuwa amekivaa tena. "Hata mimi sioni, mjukuu wangu."

Mtoto akafikiri. "Basi na wewe vua."

Shangazi akajishika uso, taratibu.

"Tangu lini, Darubini?" bosi akauliza.

"Huu mwaka wa pili."

"Na hili shati nililovaa, la mwezi uliopita?"

"Hilo nimelishona kwa vidole."

Bosi akashika kola yake, akaivuta huku na huku akitafuta kosa. Hakulipata. Akatembea hadi mlango wa ofisi, akageuka.

"Hivyo ishirini viwe tayari kabla ya saa sita," akasema. "Na kesho hospitali kwanza. Ukitoka huko ndiyo uje kazini. Cherehani yako haikaliwi na mtu mwingine."

Nikakaa juu ya furushi la majoho. Shangazi akavuta kiti chake. Akachomoa sindano kwenye kifua cha gauni lake, akanyoosha mkono mbele ya watu wote, na safari hii hakunong'ona.

"Nitungie uzi, mwanangu. Sioni tundu."