Keti, Mzee

Imetangazwa, kwenye karatasi ngumu yenye rangi nne, kwamba kila mtu aliyetimiza miaka sitini na mitano anatakiwa kuutembeza mwili wake kila siku; ajikusanyie walau dakika mia moja na hamsini za mwendo kwa wiki; na, hapa maandishi yananenepa, apunguze muda anaoutumia ameketi. Chini ya tangazo kuna picha ya wazee wawili wakirushiana mpira bustanini, wanacheka, katika jua la aina ambayo Hayes, mtaa wa Waingereza karibu na uwanja wa ndege, hupewa kwa mgao.

Mzee Linus aliisoma karatasi hiyo ameketi, kwa kuwa chumba cha kusubiri cha kliniki hakikuruhusu mengine. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Wiki mbili kabla, alikuwa ameanguka kwenye ngazi za jengo lake, vidato vitatu tu, akavunja mayai sita na miwani. Mwilini hakuvunjika kitu. Lakini jirani aliita gari la wagonjwa, na gari la wagonjwa huacha maandishi nyuma yake. Maandishi yakafika kaunsili, halmashauri ya mtaa inayompangisha, na kaunsili ikagundua kwamba ina mpangaji mzee ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti.

Mtaalamu wa viungo aliitwa Ravinder, kijana mpole mwenye kilemba cha buluu. Alimweka Mzee Linus kwenye kiti cha mbao, akamwambia akunje mikono kifuani, asimame na kuketi, asimame na kuketi, kwa sekunde thelathini.

"Nane," Ravinder alisema saa ilipolia. "Kwa umri wako nilitaka kumi na mbili, anko."

"Na nane si kitu?"

"Nane ni nane. Nikiiandika, kaunsili watakuhamishia kule chini, kwenye nyumba za wazee. Nakupa wiki sita, kisha turudie."

Mzee Linus alikuwa akizijua nyumba hizo. Alikwenda huko kumtazama mtu aliyefanya naye kazi, akamkuta sebuleni, viti vimepangwa ukutani kama vya watu wanaongoja basi lililofutwa. Alikaa robo saa, mguu wake wa kulia ukicheza peke yake, akaondoka bila kumaliza chai. Yeye, tangu alipotoka Wundanyi, kwao Kenya, alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye ghala la kupakia vyakula vya abiria wa ndege, akisukuma toroli, maili tisa kwa zamu. Katika ghorofa ile ya tatu ndimo alimomlea binti yake, Daisy, ndimo alimomuuguza mke wake mpaka mwisho, na dirisha la jikoni lilionyesha ndege zikishuka moja baada ya nyingine. Alizitazama amesimama. Hata kahawa alikunywa amesimama.

Shida haikuwa uvivu. Shida ilikuwa heshima.

Akitoka dukani na mfuko, vijana wa jengoni walimpokonya. Basini walimpisha kabla hajashika nguzo. Na Jumapili, baada ya mabasi mawili mpaka Kenton, kwenye ukumbi wa shule ambao Wakenya wenzake huukodi kwa ibada, ndiko hali ilikuwa mbaya zaidi. Nusu ya waumini ni manesi na walezi. Wiki nzima hulipwa kuwainua wazee wa watu, na Jumapili humkalisha wa kwao bure.

"Keti, Mzee." Huyo ni Wambui, nesi, mkuu wa wahudumu wa kanisa, mwanamke wa kifua kipana ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kuhamisha kiti.

"Nimetoka kukaa basini, Wambui."

"Sasa kaa hapa, pale kuna upepo. Chai utaletewa."

"Naweza kuifuata."

"Kwani sisi tumekufa?"

Akaketi. Mguu ukaendelea kucheza chini ya kiti.

Wiki ya pili alibahatika. Aliingia muumini aliyechelewa, na Mzee Linus, kwa wasiwasi tu wa viungo, akainuka kumpa mkono. Papo hapo safu nzima ikainuka. Halafu safu ya nyuma. Kule walikotoka watu hawa, hukai kitako ukamtazama kwa chini mzee aliyesimama. Ama unampa kiti, ama unasimama naye. Kiti alikuwa nacho. Wakasimama. Alipoketi, wakaketi.

Mzee Linus alitafakari jambo hilo mahubiri yote.

Ibada ya pale huanza saa nane kwa maandishi, na saa tisa kwa desturi, hivyo wachelewaji hawakuwa haba. Wiki ya tatu alimsimamia kila mmoja aliyeingia, mara thelathini na moja, mikono kifuani kama alivyofundishwa. Watu sitini wakapanda na kushuka naye kama mawimbi. Mama mmoja alijiuliza kwa sauti kama kumeitishwa maombi maalumu. Jumatatu yake, manesi kadhaa walilalamika kazini juu ya mapaja.

Wiki ya nne alifika mapema, amevaa viatu vyepesi. Saa nane kasoro dakika tano ukumbi ulikuwa umejaa. Hakuna kiti kitupu, hakuna mlango uliofunguka. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa uamsho huu wa kushika saa, jambo ambalo alikuwa ameliombea miaka kumi na moja. Mzee Linus alikaa saa mbili mfululizo, akiutazama mlango, akigeuka huku na huku mpaka mtoto wa mbele yake akamwiga.

Baada ya ibada Wambui alimfuata na chai. "Umewaweza, Mzee. Walidhani unawasuta. Eti mtu mzima anasimama na mikono imekunjwa hivi, nani atathubutu kuchelewa tena?"

"Nilikuwa nawasalimu."

"Kwa mikono kifuani?"

Zilibaki wiki mbili. Akamwambia yote: ngazi, mayai, ile nane, viti vya ukutani.

"Na hukusema!" Wambui aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Watu wote hawa, na hukusema?"

"Ningesema, mngenibeba mpaka kliniki."

Wambui akatoa karatasi ya zamu za wahudumu, akaigeuza upande wa pili, akaanza kuandika majina.

"Hao ni nani?"

"Wachelewaji. Kumi na watano kwanza, wimbo wa pili. Wengine kumi na watano, wakati wa matangazo. Na asitokee mtu wa kuja mapema akaniharibia."

Jumapili mbili zilizofuata, nyuma ya mlango wa ukumbi palikuwa na foleni ya watu waliowahi, wakingoja zamu yao ya kuchelewa. Mchungaji aliona uamsho umezimika, akahubiri juu ya hilo kwa uchungu.

Siku ya kurudia kipimo, Daisy alimsindikiza baba yake. Daisy huelewa Kiswahili chote na hukijibu kwa Kiingereza, na njia nzima alikuwa akieleza kwamba nyumba za chini zina bustani nzuri.

"Zina bustani," alikubali baba yake. "Na nani anatembea humo?"

"Dad, please."

Ravinder alivuta kiti kile kile cha mbao, akaketi mkabala na saa yake mkononi. Daisy aliketi pembeni.

"Tayari, anko? Anza."

Mzee Linus akasimama. Daisy, ambaye Jumapili nne kanisani alikuwa safu ya pili, akiinuka na kuketi na wenzake, akasimama. Mzee akaketi, Daisy akaketi. Walipofika mara ya tatu, Ravinder naye alionekana hana raha kitini. Alikuwa amelelewa na babu na bibi wa Kipunjabi, na mzee alikuwa amesimama mbele yake. Mara ya nne akainuka kidogo. Mara ya tano akainuka kabisa, saa mkononi, akihesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na moja. Hapo goti la Mzee Linus lilitetemeka, akabaki nusu njia, mikono ikitaka kuachia kifua itafute kiti. Daisy hakumshika. Alikaa nusu njia vilevile, akamngoja.

"Panda, Dad," alisema, kwa Kiswahili.

Kumi na mbili. Kumi na tatu. Saa ikalia. Ravinder alifuta jasho, akaandika.

Barua ilifika wiki iliyofuata. Mzee Linus aliteremka ngazi zote kuifuata sandukuni, akapanda nayo, akaifungulia dirishani, ndege zikishuka. Alipongezwa kwa kuwa mfano bora wa uzee wenye harakati. Fleti inabaki yake. Maendeleo yake yatafuatiliwa kwa simu Jumanne, na anaombwa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, aketi mahali patulivu karibu na simu, na asiondoke hapo.