Mashine Iliyopona Kila Ikipanda Treni

Siku Bi Zena alipoitwa mhujumu naikumbuka hadi leo, mwanangu. Juzi ilinirudia tena niliposikia ukimwambia fundi wa kompyuta kwenye simu, "Sistimu mbovu," kisha ukakata. Nikajiuliza, huyo mtu wa watu ataanzia wapi? Kaa basi nikusimulie, maana na sisi tulikuwa na mashine yetu, na ilituvuruga akili.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa karani kijana kwenye ushirika wa asali na nta hapa Tabora. Usicheke, lakini fahari ya ofisi ilikuwa mashine ya kurudufu. Unachapa tangazo kwenye stensili, ile karatasi ya nta, unalivisha kwenye pipa la wino, unazungusha mkono wa mashine, karatasi zinatoka upande wa pili zikiwa zimeandikwa. Ndizo zilizokwenda Kwihara na vijiji vingine kuwaambia warina asali lori litapita lini. Aliyeizungusha alikuwa Bi Zena, mjane wa pale mjini mwenye watoto wadogo, mtu wa utani mwingi. Mshahara ule ndio uliokuwa ukiwalisha.

Basi mashine ikaanza kuumwa. Zena alisema inavuta karatasi mshazari. Maganga, mhasibu wetu, alisema wino unafifia upande mmoja. Mimi nilisikia inalia kama mlango wa zamani. Kila mmoja alimwambia karani mkuu, Bwana Sleimani, kwa wakati wake na kwa maneno yake, naye akaamini ni maradhi matatu mbalimbali. Akapiga simu kwa Mzee Kapaya, fundi aliyekuwa na karakana mbali huko, kwenye njia ya reli.

Sasa unajua sisi watu wa hapa. Ukiulizwa hali, hata kama nyumbani kuna mgonjwa, unajibu njema kwanza, habari ya ugonjwa inafuata. Hata kwa Kinyamwezi utasema "mhola", kisha ndipo utoe shida yako. Bwana Sleimani alikuwa bingwa wa adabu hiyo.

"Mashine haijambo?" fundi akauliza.

"Haijambo kabisa, alhamdulillahi. Haijambo, mzee wangu. Ila sasa..."

Simu ikakatika. Fundi akabaki na ile haijambo, na ile "ila" ikabaki Tabora.

Mwishowe tukaifunga mashine kwenye sanduku, tukaipeleka kwa treni. Ikarudi na kikaratasi: Nzima. Tukaiweka mezani, Zena akazungusha, mshazari ule ule. Tukaipeleka tena. Ikarudi na kikaratasi kingine, safari hii kwa herufi kubwa: NZIMA. Mimi nilikitazama kile kikaratasi, nikaitazama mashine, nikaona mmoja wao ananidanganya, ila sikujua ni yupi.

Katibu wa ushirika akatuita sote.

"Ndugu zangu, mashine ikiwa kwa fundi, ni nzima. Ikirudi mikononi mwa Zena ni mbovu. Mali ya umma hiyo. Hapo tuseme nini kama si hujuma?"

"Kwani Ndugu Katibu, mimi nina sumu vidoleni?" Zena akasema.

Siku nyingine tungecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Katibu akasema fundi aje mwenyewe. Akiikuta mashine ni nzima, Zena atafute kazi kwingine. Na wengi wetu, mwanangu, hatukujua tena tuamini nini. Tulimjua Zena, lakini treni nayo haiponyi mashine.

Mzee Kapaya akafika na mkoba wake, tukamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mashine haijambo?"

"Haijambo!" tukaitika wote, hata Zena.

Mzee hakuuweka mkoba chini. "Basi niwahi treni ya kurudi?"

Bwana Sleimani akamvutia kiti. Ndipo akakaa, akatusema taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Wanangu, hiyo haijambo mpeni mgeni. Mimi fundi. Mkinipa habari njema nitakwenda nazo nyumbani, na mashine yenu nitaiacha kama ilivyo. Bi Zena, usiniambie inaumwa nini. Fanya kazi kama unavyofanya kila siku, papo hapo unapoifanyia."

Zena akazungusha. Karatasi zikatoka mshazari, mlio ukasikika. Mzee Kapaya hata hakuitazama mashine. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza, akabonyeza mguu mmoja kwa kidole gumba. Unga ukamwagika.

Mchwa walikuwa wameula mguu ule kwa ndani, wakaacha ganda la nje tu. Zena akikandamiza mkono wa mashine, mguu unazama, meza inainama: karatasi inakwenda upande, wino unakimbilia upande, na mti unalia. Akiacha, meza inajirudi, inaonekana imenyooka. Yale maradhi matatu yalikuwa moja. Sisi tulikuwa tunasafirisha mashine, na meza tunaiacha ofisini.

"Hiyo meza mbona naijua inayumba," Maganga akasema. "Kila mara naiwekea karatasi iliyokunjwa."

"Na hukusema?"

"Niliulizwa mashine, mzee. Meza sikuulizwa."

Zena aliketi juu ya bunda la karatasi, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Katibu alikohoa, akatoka nje.

Kesho yake, meza mpya ikiwa tayari, Katibu alikuja mwenyewe. "Ndugu Zena, mashine haijambo?"

"Subiri, Ndugu Katibu. Sijaizungusha bado."

Akasubiri, amesimama, mikono nyuma, mpaka karatasi ya kwanza ikatoka imenyooka. Akaipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo, mwanangu, mpigie tena yule fundi wako. Mwambie ulikuwa unafanya nini, ulitazamia nini, ukaona nini badala yake. Mwambie na lile unaloliona dogo, ile karatasi unayoikunja kimyakimya. Waulize wenzako wameona nini, huenda mnalia kilio kimoja. Na mtu akikuambia kwake inafanya kazi, usimwite mwongo, wala usikubali kuitwa mwongo. Mwite aje aone pale unapofanyia. Usijilaumu kwa kutoelewa, hata sisi hatukuelewa. Na kabla hujamtilia mtu shaka, piga magoti utazame chini ya meza.

Mungu akulinde kazini, akupe wenzako wa kukuambia kweli mapema, na mkate wako usikatike kwa kosa lisilo lako. Haya, chukua simu. Mimi nasikiliza.