Aliyeshika Mlingoti

Enzi zile televisheni ilikuwa moja tu uchochoro mzima, nayo ilikaa sebuleni kwa seremala, juu ya kabati alilolichonga mwenyewe, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Jua likishazama, viatu hujaa mlangoni hadi mwenye nyumba akakosa pa kukanyaga. Watu hukaa mkekani, juu ya magunia, hata juu ya ndoo zilizofudikizwa. Mke wa seremala hakuwamo. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, ameshika mlingoti wa antena.

Ilianza hivi. Seremala alikataa kata kata kuita fundi. "Mimi natengeneza makabati ya milango minne," alisema, "nishindwe kusimamisha bomba?" Akalipigilia bomba kwenye ukuta wa jikoni, antena juu yake, akapitisha waya dirishani, kisha akaingia kuwasha. Chenga tupu. Mkewe, bado bibi harusi mbichi, aliona bomba linayumba, akalidaka lisiangukie vyombo. Mara ndani ikasikika sauti ya mtu anasoma habari.

"Usiachie!" mume alipiga kelele. "Shika hapo hapo!"

Akiachia, chenga. Akishika, picha. Seremala akatoka mbio, anacheka, akamfuta vumbi la ukuta usoni kwa kidole gumba. "Mke wangu, mkono wako una baraka."

Hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Kwao alikuwa mtoto wa katikati, wa kutumwa maji na kusahauliwa mlo. Siku ile angeshika hata kaa la moto. Kumbe alikuwa anavikwa kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa kivalishwe vizuri.

Basi likawa jambo la kila jioni. Uchochoro ukambatiza jina, Shemeji Mkono. Dirisha la sebule lilifungwa pazia zito ili picha ionekane, kwa hiyo yeye alipata sauti tu, na wao walipata sauti yake.

"Shemeji Mkono, sogea kidogo! Huku wachezaji wana miguu minne!"

"Ndiyo maana hawafungi, wanajikwaa!"

"Shemeji, penalti hii, usikohoe!"

"Nikohoe kwa pumzi ipi? Mbu wameshanimaliza!"

Sebule nzima huangua kicheko, na yeye nyuma ya ukuta hucheka nao, shavu limegusa bomba la baridi. Mama mkwe pekee ndiye hakuwa na utani. "Anachoka kusimama?" husema kwa sauti ya kusikika. "Sisi tulisimama na mizigo kichwani na mimba tumboni."

Lakini alizipenda jioni zile, usimwambie mtu. Alipenda harufu ya maranda kutoka karakana ya mumewe, moshi wa jiko linalozimika, na ule mngurumo wa watu wengi walioshiba maneno. Zaidi ya vyote aliupenda mchezo wa kuigiza wa kila wiki, habari za binti aliyefukuzwa kwao na shangazi yake. Alimjua kila mtu kwa sauti, na kwa kuwa sura hakuwa nazo, aliwagawia mwenyewe. Shangazi alimpa sura ya mama mkwe. Binti alimpa sura ya dada yake mkubwa, mrefu, mwenye shingo. Mjomba mwema, aliyekuwa akimtetea binti, alimpa sura ya mumewe.

Kila mchezo ukiisha, jirani yake mshonaji, shoga yake wa kupikiana na kusukana, alikuwa akizunguka nyuma kumsimulia. "Shoga, leo kavaa gauni la mikono mipana, ungeliona!" Naye alishukuru. Alimwona ndiye pekee aliyemkumbuka.

Ikatangazwa kwamba wiki inayofuata ni sehemu ya mwisho.

"Mume wangu," alisema usiku ule, "mwisho nataka kuuona kwa macho yangu. Nishikiwe siku moja tu."

"Ashike nani? Baraka ni yako."

"Kaka yako."

"Yule? Akishika yeye tutaona chenga tupu."

"Asiyekuwepo na lake halipo, mume wangu."

"Lako lipo. Shoga yako atakusimulia."

Hakubishana. Lakini siku zile, kila alipofua nguo, alilitazama lile bomba. Alijiangalia na yeye mwenyewe anavyosimama: akichoka hujiegemeza, na bomba nalo huinama kidogo, likakwepa ghorofa la jirani. Akapiga moyo konde. Huenda haikuwa baraka. Huenda ilikuwa uzito wake tu.

Siku ya mwisho ilipofika, watu walipokwisha kujaa, alichukua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga katikati ya bomba, akaivuta hadi mguu wa tangi la maji. Akavuta, akasikiliza. Akavuta tena.

"Hapo hapo, Shemeji! Usitikisike!"

Akafunga fundo, kisha akaachia kidole kimoja kimoja. Sauti zikabaki safi.

"Usitikisike kabisa!" walikuwa bado wanampigia kelele wakati yeye anajifuta mikono kwenye nguo na kuzunguka kwenda mlango wa mbele.

Sebule ilikuwa giza, ila mwanga wa televisheni. Kwenye benchi, seremala na mshonaji walikaa wamefunikwa magoti kwa kitambaa kimoja. Kichwa chake shogaye kimelala begani mwa mume wa watu, bila haraka, kama mtu aliyekaa hivyo mara nyingi. Mama mkwe alikuwa pembeni yao anatafuna karanga. Watoto walikuwepo. Kaka wa mume alikuwepo. Hakuna aliyekuwa akiwashangaa wale wawili. Walishangaa kumwona yeye.

Mtu mmoja akauliza, "Sasa nani ameshika?"

"Hakuna," alisema. "Kumbe hapakuhitajiwa mtu."

Mshonaji akaruka kusimama. "Shoga, mimi..."

"Kaa, shoga. Mchezo haujaisha."

Akapita katikati yao, akakaa mkekani mbele kabisa, akawapa mgongo. Alikuwa amekuja kuona, akaona. Binti alikuwa mfupi, wa kawaida, mwenye mapengo. Shangazi katili alikuwa na macho ya upole kuliko wote. Mjomba mwema hakufanana na mtu yeyote anayemjua. Alitazama hadi majina yalipokwisha kupanda.

Asubuhi alifunga nguo zake, akaenda kwa dada yake.

Sasa ni mwanamke wa makamo, anauza maandazi kwenye kona, ulimi mkali kama msumeno. Wa sebule ile aliwalaani, na laana hajaiondoa. Siku moja mteja aliyewahi kuishi uchochoro ule alimwambia kamba ile ilivuka misimu miwili ya mvua bila kulegea.

"Na watu waliendelea kujaa?" aliuliza.

"Walijaa. Picha ilikuwa safi kama kioo."

"Walicheka?"

Mteja alifikiri, andazi mkononi. "Unajua, hapana. Tulikuwa tunatazama kimya kimya, kisha kila mtu anakwenda kwake."

Alifurahi kusikia hivyo. Kisha akageukia karai lake, na kwa muda mrefu hakumhudumia mtu.