Uji Niliomwaga Migombani

Leo jirani amekoroga uji wa wimbi, na harufu yake ya uchachu imenirudisha nyumbani kwetu, karibu na Birongo.

Mama alikuwa amejifungua. Siku ya tatu mwili ukawaka moto, akaanza kubishana na ukuta, hata mimi bintiye akawa hanijui. Nyanya akaninong'oneza, "Ni mke mwenza wake huyo aliyemroga. Chochote atakacholeta, mama yako asikionje."

Kila asubuhi mama mdogo, huyo mke mwenza, alileta kibuyu cha uji. Nilikipokea kwa adabu, kisha nikaenda kuumwaga uji migombani, nikichungulia kama majani yatanyauka. Majani yalibaki mabichi, ila mama, aliyekuwa akitema chakula alicholishwa na nyanya, alizidi kukonda.

Mwishowe mama mdogo alimbeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alisema ni homa ya uzazi iliyompanda kichwani. Ikishuka, akili zitarudi. Na zilirudi kweli, majuma kadhaa baadaye. Lakini siku ile muuguzi aliushika mkono wa mama uliobaki mifupa, akauliza, "Kwani huyu halishwi?"

Mama mdogo alinitazama kama anayejua uji wake uliishia wapi.

"Alikuwa akitapika kila kitu, sista," akajibu.