Nilivyomhesabia Baba Mkwe Ng'ombe

Aibu niliyoipata Mwandoya siku ya kupeleka posa naisimulia mwenyewe, maana mkiwasubiri watu wa kule mtaambiwa nililia (sikulia, lilikuwa vumbi).

Mnanijua, tangu darasa la tatu nafungua vitu. Redio ya baba niliifungua kwa kijiko, nikaifunga, zikabaki skrubu saba na ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Kompyuta nimesoma masomo ya jioni hapa Bariadi, miaka minne ya kusinzia, na leo naandika programu zinazokaribia kupika ugali. Shida ilikuwa mzee Masunga, baba yake Kabula wangu. Kila nikimwamkia, "Mwangaluka, baba," anaitika, halafu anauliza, "Bado unafanya ile kazi ya kutazama kioo?" Asipoiheshimu kazi yangu, Kabula simpati.

Basi nikamtengenezea programu ya kuita ng'ombe. Nilirekodi mluzi anaowaitia jioni, nikafunga simu kwenye nguzo ya lango la zizi, kamera ihesabu kila anayeingia na spika zipige mluzi mpaka idadi itimie. Idadi ipi sasa? Kwetu Usukumani humuulizi mwanaume ana ng'ombe wangapi, bora umuulize atakufa lini. Kwa hiyo nikakisia, na kwa kuwa ni mkwe nikakisia kwa adabu: mia tatu.

Saa saba mchana, wageni wako chini ya turubai, pilau imepakuliwa, nikabonyeza. Mluzi ukatoka kwenye spika za kukodi, nadhani hata kule mbali Malampaka treni ilisimama. Ng'ombe wakainua vichwa huko malishoni, wakaja mbio, na njia ya zizini (hili sikulifikiria) ilipita katikati ya turubai. Mshenga wangu, mjomba Ng'wandu, alipita mbele yangu akiwa amekaa juu ya ndama, sahani mkononi, na hakumwaga hata punje.

Wakaingia wote. Mluzi ukaendelea. Kisha simu ikatangazia kijiji kizima: "Ng'ombe mia mbili na kumi na tatu hawajafika."

"Wameibiwa!" mtu akapiga yowe, na wanaume wakaacha pilau, wakachukua fimbo, wakaanza kugawana njia, ninyi Mwanhuzi, sisi mtoni. Mzee Masunga jasho linamtoka. Akisema hawajaibiwa, ameanika mbele ya watu kwamba ng'ombe wake ndio hao tu. Akinyamaza, atakayekamatwa huko porini atakiona. Akanitazama kama mtu anayezama.

Nikashika kipaza sauti. "Jamani, rudini! Programu yangu ni mbovu! Haijui kuhesabu, inataja namba yoyote tu!"

Mama mkwe akachomoa waya wa spika. Mzee akapata sauti: "Si niliwaambia? Kioo hicho! Mtu mzima anafundishwa usiku mpaka kuhesabu kunamshinda!" Watu wakacheka hadi wakakaa chini, mjomba naye, mshenga wangu mwenyewe!

Baadaye mzee alinivuta nyuma ya zizi. "Umenisitiri, mwanangu. Kabula ni wako. Ila ile namba ya walioingia ufe nayo."

Mke nimepata, ila wilaya nzima ya Meatu najulikana kama injinia asiyejua kuhesabu, na kujitetea kule siwezi (ninyi nanyi hamjasikia kitu). Nimeapa: programu yangu haitahesabu tena kitu chochote chenye pembe.